Ibn al-Haytham: Mtu wa Chumba cha Giza

Homa ilinilaza siku moja ya kaskazi, nikiwa mwana wa chuoni wa miaka minane, katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, Mji wa Kale, Mombasa. Bibi yangu alikuwa amefunga madirisha yote ili jua la alasiri lisinizidishie maumivu ya kichwa. Katika ubao wa dirisha moja palikuwa na tundu dogo, alama ya msumari uliong'oka zamani. Macho yangu yalipozoea giza nikautazama ukuta wa chokaa uliokuwa mbele yangu, na moyo ukaniruka. Watu walikuwa wakipita ukutani, vichwa chini, miguu juu! Nilimwona hamali akisukuma mkokoteni, magurudumu yameelekea dari. Nilimwona mwanamke aliyejitanda leso, na wekundu wa leso ile ulionekana wazi.

Nikapiga ukelele. Bibi akaja mbio, akaona nilichokiona, akaanza kusoma Ayatul-Kursiy. Kisha akaleta chetezo, chumba kizima kikajaa moshi wa ubani. Wale watu wa ukutani hawakuondoka. Lililozidi ni kwamba ndani ya moshi ulionekana mshale mwembamba wa nuru, umenyooka kama uzi wa fundi, kutoka tunduni hadi ukutani.

Kabla ya jua kuchwa, mwalimu wetu wa chuo alikuja kunitazama. Bibi akamweleza yaliyotokea. Mwalimu hakusema neno. Alikwenda dirishani akaweka kidole chake juu ya tundu, watu wakatoweka. Akaondoa kidole, watu wakarudi. Alifanya hivyo mara tatu, kisha akacheka, akamwambia bibi kuwa jini anayezuiliwa kwa kidole hana haja ya ubani.

Miaka mingi ilipita kabla sijatambua kuwa mwalimu yule, kwa kidole kile, alikuwa akifuata njia ya mtu mmoja wa Basra aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita. Mtu huyo, wasomaji wapenzi, ndiye ninayependa tumkumbuke leo.

MWANA WA BASRA

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Wazungu walilichukua jina lake la al-Hasan, wakaligeuza kwa ndimi zao, wakamwita Alhazen. Alizaliwa Basra, nchini Iraki, yapata mwaka 354 wa Hijra, sawa na 965 wa Miladi. Basra si jina geni kwetu sisi watu wa pwani. Tende za huko zilikuwa zikishushwa katika bandari zetu na majahazi ya Ghuba yaliyokuja na kaskazi, na wazee wetu waliziita kwa jina la mji wao.

Alikulia katika zama ambazo vitabu vya Wayunani wa kale vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad. Kwa hivyo aliweza kumsoma Uklidi katika hesabu za maumbo, Batlamyus katika elimu ya falaki, Jalinus katika tiba, na Aristu katika falsafa. Aliwasoma wote kwa adabu, lakini hakuwasujudia. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kumhoji Batlamyus, ambaye kwa miaka mia nane na zaidi alikuwa imamu wa wanafalaki. Humo alieleza kuwa mwenye kutafuta haki asitosheke na kuyapokea maneno ya waliotangulia kwa sababu tu wametangulia. Yampasa ayapime, na ajitilie shaka yeye mwenyewe pia, asije akapendelea upande mmoja au akauonea mwingine.

Vitabu na risala zaidi ya tisini zinatajwa kuwa zake, na zaidi ya nusu yake zimetufikia. Lakini kabla ya kufika kwenye hivyo, ni lazima tupite kwenye aibu iliyompata, maana huko ndiko ninakokuona kuwa kitovu cha maisha yake.

MTO NILE NA MTAWALA

Kisa hiki tumehifadhiwa na Ibn al-Qifti, mwandishi wa tarikh za wenye hekima, aliyefariki mwaka 1248. Asimulia kuwa Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraki, alijisifu kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nile jambo la kuwanufaisha watu, ukijaa na ukipwa. Maneno yana mbawa. Yakaruka hadi Kairo, yakamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021.

Misri ya siku zile iliishi kwa Nile. Mto ukifurika kwa kiasi, watu walikula. Ukifurika kupita kiasi, mashamba na nyumba zilikwenda na maji. Usipofurika, ilikuja njaa. Mtu aliyedai kuwa aweza kuutia mto ule lijamu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Al-Hakim akampelekea mali na kumwita, na alipokaribia Kairo khalifa mwenyewe alitoka nje ya mji kwenda kumlaki. Akampa mafundi na wafanyakazi, akamwambia aende akatimize aliyoyasema.

Msafara ukapanda mto kuelekea kusini. Njiani Ibn al-Haytham aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, mawe makubwa yaliyochongwa na kupangwa kwa hesabu isiyokosea hata kidogo. Moyo ukaanza kumshuka. Alijiuliza ikiwa watu wenye ujuzi kama huu waliishi kando ya mto huu, na wasiuzuie, yeye atauzuia kwa nini? Alipofika al-Janadil, penye maporomoko kusini ya Aswan, mahali alipodhani pangefaa, akapima, akatazama, akapima tena. Haikuwezekana kwa zana za zama zile.

Hapa alikuwa na njia mbili. Angeweza kuanza kazi, akala mali ya dola miaka na miaka, na lawama akaitupia mafundi au mawe. Wako wengi wafanyao hivyo. Yeye alirudi Kairo akakiri mbele ya khalifa kuwa amekosea. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini walionena hivyo hawakuwa wakisimama mbele ya al-Hakim.

Maana al-Hakim alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Mwaka 1005 aliasisi Kairo nyumba ya elimu, akaijaza vitabu, akawafungulia watu milango. Na mtu huyo huyo aliwaua mawaziri wake mmoja baada ya mwingine, na alipiga marufuku hata kula mulukhiya, mboga iliyo jamaa ya mlenda wetu. Aliyakubali maneno ya Ibn al-Haytham kwa uso mkunjufu, akampa kazi katika diwani. Ibn al-Haytham aliipokea kwa hofu wala si kwa kuipenda, kwani alijua leo yuko kitini na kesho kichwa chake hakijulikani kitakuwa wapi.

Basi akajitia wazimu. Mwenye akili kubwa kabisa katika mji ule akaanza kusema ovyo na kutenda ovyo. Mali yake ikawekwa chini ya mwangalizi, na yeye akafungiwa nyumbani kwake. Akakaa hivyo hadi Februari 1021, al-Hakim alipotoka usiku kwenda kwenye vilima vya Muqattam asionekane tena.

Fikiri, msomaji, uzito wa jambo hili. Mtu aliyetaka kuushika mto mkubwa kuliko yote ajuayo sasa amebakiwa na kuta nne na mwanga unaopenya. Wako wasemao kuwa hapo ndipo alipoifanya kazi yake kubwa, Kitab al-Manazir, yaani kitabu cha mambo ya kuona, chenye juzuu saba. Ikiwa yote yaliandikwa ndani ya kifungo au mengine baadaye, vyovyote vile kitabu kile ni cha miaka yake ya Misri, na mlango wake mkubwa ni chumba cha giza.

JICHO HUTUPA AU HUPOKEA?

Suali lenyewe lilikuwa jepesi kuulizwa. Twaonaje? Uklidi na Batlamyus walishikilia kuwa jicho hutoa miale, ikaenda ikakigusa kitu, kama kipofu anavyopapasa njia kwa mkongojo wake. Tusiwacheke. Lugha yetu wenyewe imebeba fikra hiyo hiyo hadi leo. Hatusemi mtu ametupa jicho? Hatusemi amenitupia macho? (Sizungumzii jicho la hasidi, hilo lina mlango wake na wajuzi wake.) Aristu na wafuasi wake walisema kinyume, kuwa kitu ndicho kinacholijia jicho. Pande hizo mbili zilibishana kwa karne nyingi, kila upande na hoja zake za maneno.

Ibn al-Haytham alianza na mambo ambayo kila mtu anayo. Ukilikodolea jua, macho huuma. Ukitazama mwanga mkali kisha ukafumba macho, ule mwanga hubaki ndani ya jicho kwa muda. Lau jicho ndilo lililotoa, lingeumizwa na nini? Kisha usiku ukifumbua macho waziona nyota papo hapo. Je, kitu kimetoka katika kitundu hiki kidogo cha mboni, kikaijaza mbingu yote, na kila ukipepesa hujazwa upya? Alihukumu kuwa nuru hutoka kwenye kila nukta ya kitu, ikaenda kila upande kwa mistari iliyonyooka, na sehemu yake ndiyo inayoingia jichoni.

Lakini hukumu hiyo ilizaa tatizo jingine. Ikiwa kila nukta ya kila kitu yatupa nuru kila upande, hewa imejaa nuru za vitu vyote kwa wakati mmoja. Mbona hazichanganyiki kama maziwa na chai, tukaona ukungu mtupu?

Ili kulijibu aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali, zote zikielekea tundu moja dogo la kuingilia chumba cha giza. Ukutani mwa chumba yakaonekana madoa ya mwanga, idadi yake sawasawa na idadi ya taa. Akaziba taa moja, doa moja likatoweka, yale mengine yakabaki kama yalivyo. Akaifunua, doa likarudi pale pale. Nuru zote zilikutana katika tundu moja lenye upana mdogo, kila moja ikapita njia yake bila kuisumbua jirani yake.

Jaribio hilo waweza kulifanya usiku huu. Panga mishumaa mitatu mezani. Chukua kipande cha karatasi nene, toboa tundu dogo kwa msumari mwembamba, kisimamishe mbele ya mishumaa, na nyuma yake weka karatasi nyeupe. Utaona ndimi tatu za moto, zote zimepinduka, mshumaa wa kulia uko kushoto. Zima mmoja, na uangalie ni ulimi upi uliopotea. Watoto wako watakusahaulisha redio.

Na hapo ndipo fumbo la ukuta wetu wa chokaa lilipofumbuka. Nuru ya kichwa cha hamali ilitoka juu, ikapita tunduni kwa mstari ulionyooka, ikaishia chini ukutani. Nuru ya miguu yake ilitoka chini ikaishia juu. Hakuna aliyempindua hamali. Ni unyofu wa nuru tu.

JUA LILIPOPATWA

Tarehe 16 Februari 1980, siku ya Jumamosi, jua lilipatwa hapa Kenya kabla ya adhuhuri. Twakumbuka tuliokuwako jinsi mwanga ulivyofifia na kuku wakataka kwenda kulala, na jinsi watu walivyoingia msikitini kwa sala ya kusuf. Mimi nakumbuka zaidi kivuli cha mkungu uliokuwa karibu na msikiti. Vile vidoa vya mwanga vinavyopenya kati ya majani, ambavyo siku zote ni vya duara, siku ile viligeuka miezi michanga, mamia kwa mamia, imetapakaa mchangani.

Ibn al-Haytham aliandika risala nzima juu ya jambo hilo. Vidoa vile si sura ya nafasi iliyo kati ya majani. Ni sura ya jua lenyewe, kwa kuwa kila nafasi ndogo ni tundu la chumba cha giza. Alionyesha kwa hesabu kuwa tundu likiwa dogo ipasavyo, hilali huonekana. Likipanuliwa, hilali hufifia, na mwanga ukachukua sura ya tundu. Haikuhitajika kulikabili jua kwa macho, jambo lenye kupofusha. Ardhi chini ya mti ilitosha kuwa kitabu.

Aligusa pia jambo ambalo kila mkaazi wa pwani amelishangaa. Mwezi wa kumi na nne ukichomoza baharini huwa mkubwa kama sinia, na ukifika utosini huwa kama kisahani. Batlamyus aliutaja unyevu wa hewa, kuwa hukuza kama maji yanavyokikuza kitu kilichomo. Ibn al-Haytham aliona sababu kubwa imo katika akili ya mwenye kutazama. Mwezi ukiwa chini, akili hudhani uko mbali zaidi, na kitu cha mbali kikijaza jicho kiasi kile kile akili hukihukumu kuwa kikubwa. Unyooshe mkono uuzibe mwezi kwa ncha ya kidole cha mwisho unapochomoza, kisha uuzibe tena usiku wa manane. Kidole ni kile kile, na huziba vile vile. Wataalamu wa leo bado wanajadiliana juu ya jambo hili, lakini wanaanzia pale alipoliacha yeye.

MWENYE KUNAKILI VITABU

Al-Hakim alipotoweka, wazimu wa Ibn al-Haytham ulipona siku hiyo hiyo. Akatoka, akahamia karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Hakutafuta cheo tena. Riziki yake ilikuwa kunakili vitabu kwa mkono: kitabu cha Uklidi, Almajisti ya Batlamyus, na vile visomwavyo kati ya hivyo viwili. Yasemekana kazi hiyo ilimpa dinari 150 kwa mwaka, bei isiyo na mabishano, na hizo zilimtosha. Tazama mwenendo wa mtu huyu. Yule Batlamyus aliyemhoji na kumkosoa ndiye aliyemnakili kila mwaka, herufi kwa herufi, bila ya kumpunguzia chake.

Alifariki Kairo karibu na mwaka 1040. Huko Uajemi, mwanzoni mwa karne ya kumi na nne, Kamal al-Din al-Farisi alikichukua Kitab al-Manazir akakifanyia sharhe, kisha akajaza maji chupa ya mviringo, akaifanya badala ya tone la mvua, na akaeleza upinde wa mvua watokeaje. Ulaya kitabu kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na kina Roger Bacon, na mwaka 1572 Friedrich Risner akakipiga chapa mjini Basel.

Nisimpambe kwa yasiyo yake. Hakuwa wa kwanza kuona sura iliyopinduka. Wachina na Wayunani waliiona kabla yake. Wala neno kamera halikutoka katika Kiarabu, kama wengine wetu wapendavyo kudai barazani. Ni neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Yeye pia alikosea. Alidhani kuona hutimia katika lenzi ya jicho, na hakukubali kuwa sura ndani ya jicho nayo imepinduka. Johannes Kepler alilisahihisha hilo mwaka 1604, akaonyesha kuwa sura huangukia utando wa nyuma wa jicho, kichwa chini miguu juu, kama hamali wangu. Nadhani Ibn al-Haytham angefurahi kusahihishwa, kwani alikwisha kuwafundisha watu namna ya kufanya hivyo.

Mwaka 1970 Wamisri walikamilisha bwawa kubwa la Aswan, karibu na al-Janadil aliporudi nyuma. Mto ulishikwa, lakini kwa mitambo ambayo hakuna mtu wa zama zake aliyeiota. Mwaka 2003 Iraki ilichapisha noti ya dinari 10,000 yenye sura yake. Mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nuru, jina lake lilitajwa katika nchi nyingi.

Na mimi humkumbuka kila ninapokutana na kijana wetu aliyeambiwa kuwa lazima achague, ama dini ama elimu ya maumbile. Yule mtu wa Basra aliishi mlangoni mwa al-Azhar na hakuchagua. Bibi yangu, Mola amrehemu, alisoma Ayatul-Kursiy, na hilo halikuwa kosa kwa mtoto mwenye homa. Mwalimu naye alifanya lililobaki: alikwenda dirishani akatazama mwanga unatoka wapi. Tangu siku ile sikuogopa tena ukuta ule. Homa ilipokwisha, nilikuwa nikimwomba bibi afunge madirisha, nikae gizani nitazame njia ikipita.